Kwa Miguu hadi Bagamoyo: Siku Tatu kwa Ajili ya Watoto Wenye Miguu Kifundo

Barabara itokayo Mwenge, Dar es Salaam, hadi mji wa kale wa Bagamoyo ina urefu wa kiasi cha kilomita 60. Aliyepanda gari huimaliza akiwa amesinzia, na akifika huona kama kwamba baina ya miji hiyo miwili hapana kitu. Sisi tuliichukua kwa siku tatu, kwa miguu. Tulikuwa watu 19, wanaume 11 na wanawake 8, majirani wa msikiti mmoja na wazazi wa watoto wanaosoma madrasa moja. Dada zetu walifuatana na waume zao, kaka zao au watoto wao wa kiume waliokwisha baleghe. Nyuma yetu ilikuja pikapu ya mmoja wetu, imebeba maji, mikeka, masufuria na sanduku la dawa za huduma ya kwanza.

Kilichotutoa majumbani ni maradhi ambayo wengi huyaona na wachache huyajua jina. Mtoto huzaliwa, mguu mmoja au yote miwili ikiwa imepinda kwa ndani, unyayo ukitazama juu au ubavuni. Madaktari huita hali hiyo mguu kifundo, na humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wa kiume zaidi kuliko wa kike. Tiba yake ipo, na si ya kupasua mfupa. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeasisi njia inayotumika leo duniani kote: mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, ukafungwa plasta ngumu, na plasta hiyo hubadilishwa kila wiki kwa muda wa kiasi cha wiki tano hadi nane. Watoto wengi hukatwa pia kidogo kano ya kisigino, kisha huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, halafu wakati wa kulala tu mpaka wafikie umri wa miaka minne hivi.

Tatizo, ndugu wasomaji, limo katika neno hilo "kila wiki". Mama anayeishi mbali na hospitali hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kichanga mgongoni, na wiki ifuatayo hali ni ile ile. Akikosa nauli wiki mbili, mguu huanza kurudi ulikokuwa. Hivyo fedha tulizokusudia kukusanya hazikuwa za dawa wala za jengo. Zilikuwa za nauli. Kila mmoja wetu alikwenda kwa ndugu na jamaa zake akaomba ahadi, kiasi fulani kwa kila kilomita atakayoitembea.

Kabla ya kuondoka palizuka hoja iliyotushughulisha usiku mzima. Baadhi ya vijana walitaka tuvae fulana zenye maandishi na kupiga picha njia nzima. Wengine walikumbusha kwamba katika watu saba watakaokuwa kivulini siku ambayo hakuna kivuli ila chake Mola, yumo aliyeficha sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue uliotoa mkono wa kulia. Mwalimu wa madrasa alituelekeza kwenye Suratul Baqara, aya ya 271, inayofundisha kuwa kudhihirisha sadaka ni jambo jema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Akasema kuwa njia zote mbili zimeruhusiwa, na kinachotakiwa ni mtu kuulinda moyo wake. Tukaafikiana: vizibao vya kuakisi mwanga tutavaa kwa usalama wetu barabarani, bango moja litafungwa kwenye pikapu ili watu wajue tunachokitafuta, na majina ya waliotoa hayatasomwa popote.

Hoja ya pili ilikuwa ya fikihi. Je, tutapunguza swala? Jibu lilikuja wazi. Katika madhehebu ya Shafi, safari ya kupunguza swala ni marhala mbili, ambazo kwa makadirio ya wengi huzidi kilomita 80. Yetu haikufika huko. Kwa hiyo tuliswali kamili, kila swala kwa wakati wake, na hilo ndilo lililoipangilia safari yetu yote. Hatukuhesabu kilomita tena, tulihesabu misikiti.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala ya Alfajiri, tukinuia kuidiriki Ijumaa njiani. Jiji lilikuwa linaamka. Wauza vitumbua na chapati walikuwa wameshawasha majiko, bodaboda zimejipanga vituoni, na daladala zikipita zimejaa wanafunzi. Jambo la kwanza ambalo miguu hutufundisha ni ukubwa wa vitu. Mlima ambao garini hausikiki, mtembezi huujua kwa magoti.

Asubuhi hiyo tulipinda kulia kwenda Kunduchi, pwani, kuyatazama magofu. Hapo pana mabaki ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo ndefu, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Watoto wetu husoma shuleni kwamba Uislamu uliingia pwani hii zamani, lakini kusoma si sawa na kusimama penye kibla kilichojengwa na watu ambao hata majina yao yamepotea. Tuliwasomea Fatiha, tukarudi barabarani, na Ijumaa tukaiswali Tegeta. Imamu alituruhusu kueleza jambo letu baada ya swala. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi safu ya nyuma alifungua fundo la leso yake, akatoa sarafu alizokuwa nazo zote, na alipoulizwa jina ili liandikwe daftarini akasema, "Anayeandika keshaandika." Usiku huo tulilala Boko, wanaume barazani na wanawake ndani ya nyumba ya wenyeji wetu, Mungu awalipe.

Siku ya pili ndiyo iliyotupima. Malengelenge yalikuwa yameshatoka visiginoni, na jua la saa nne lilikuwa kali juu ya lami. Aliyefunga bendeji miguuni alijifunza hukumu ya jabira kwa vitendo: kuosha palipo pazima, kupaka maji juu ya kilichofungwa, na kutayamamu. Tulipita Bunju, tukavuka mto Mpiji ambao ndio mpaka wa mkoa wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, na baada ya hapo nyumba zikaanza kuachana, minazi na mikorosho ikachukua nafasi.

Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye kisukari, aliumia mguu karibu na Mapinga. Tulimkataza kuendelea, maana mwenye maradhi hayo hapaswi kukichezea kidonda cha mguu, akapanda pikapu kwa kilomita saba. Jioni alichukua daftari lake la ahadi, akaandika kwa mkono wake: "Zimepungua saba." Kijana wake alimwambia, "Baba, watu hawa hawatahesabu." Akamjibu, "Mwanangu, wao waliahidi kwa kilomita. Hizi saba sikuzitembea, si zangu kuzidai." Aliporudi nyumbani aliwaeleza wote walioahidi. Walilipa kamili, na baadhi walizidisha, lakini sasa walilipa wakijua wanachokilipia. Hiyo ndiyo amana, na kijana yule ameipata kutoka kwa baba yake, si kitabuni.

Pale Mapinga vilevile tuliulizwa swali ambalo kila anayekusudia matembezi ya namna hii hana budi kujiuliza. Tulipokuwa tumepumzika kwenye kibanda cha kahawa, babu mmoja alituangalia kwa muda, akasema: "Wajukuu zangu, gari zipo. Kwa nini msingebaki kwenu, mkawapa hao watoto hela yenu, mkapumzisha na hiyo miguu?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mwenyezi Mungu hana haja na mateso yetu, wala malengelenge hayamtibu mtoto.

Jibu lilikuja lenyewe kabla kahawa haijaisha. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi ng'ambo ya barabara alikuwa amelitazama bango letu, ambalo lilikuwa na mchoro wa mguu wa mtoto. Alivuka, akatusalimu, tukampa shikamoo yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ule mguu uliochorwa huwa unapona. Tulipomwambia kuwa unapona, akaondoka bila neno. Alirudi na binti yake, na binti amebeba mtoto wa miezi mitatu aliyefunikwa kanga mpaka kichwani ingawa joto lilikuwa kali. Dada zetu walikaa nao pembeni. Kanga ilipofunuliwa, miguu yote miwili ilikuwa imepinda.

Yule mama alikuwa amekwisha ambiwa mengi. Mmoja alimwambia ni jicho la mtu. Mwingine alimwambia alikanyaga kisichokanyagwa wakati wa mimba. Mumewe hakumtuhumu kwa kinywa, lakini alikuwa ameacha kumpakata mtoto. Dada mmoja katika msafara, ambaye mwanawe wa kiume ametibiwa miguu kifundo na sasa anacheza mpira, alimtolea simu na kumwonesha picha: wiki ya kwanza, wiki ya tatu, wiki ya sita, siku ya kiatu cha kwanza. Hakumhutubia. Alimwonesha tu, na mama yule akalia. Akaulizwa siku anayoweza kwenda hospitali, akasema hata kesho. Nauli yake ya wiki zote ikawekwa kando hapo hapo, na huyo dada akaahidi kumpokea kituoni mwenyewe.

Babu wa kahawa alikuwa anaona yote. Alipotuaga alisema, "Basi tembeeni." Naye akatoa fungu lake.

Hapo tulielewa faida ya miguu. Aliye ndani ya gari humpita bibi wa maandazi kwa mwendo ambao hata uso wake hauonekani. Fedha zingeweza kukusanywa tukiwa tumekaa majumbani, ila mtoto aliyefichwa ndani ya kanga asingepatikana. Tulikumbuka hadithi ya Bani Salima, waliotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W) naye akawataka wabaki kwenye makazi yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Usiku huo, tukiwa tumelazwa katika madrasa moja Kerege, hapakuwa na aliyenung'unikia miguu yake.

Jumapili tulipita Zinga na Kiromo, kisha tukaiacha lami kuelekea Kaole. Magofu ya Kaole ni ya mji uliositawi kabla ya Bagamoyo. Pana misikiti miwili, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ya mawe, na kisima. Mikoko iliziba bandari yake, biashara ikahama, watu wakahama, na Bagamoyo ikakua. Tuliwaonesha vijana kwamba hata mji huwa na ajali yake, na kwamba kilichobaki kusimama kwa karne nyingi ni mahali pa kusujudia na mahali pa kuzikwa.

Tuliingia Bagamoyo alasiri. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wapagazi waliitembea wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliitembea wakiwa na minyororo. Wengine husema jina la mji ni la mpagazi aliyebwaga moyo kwa raha ya kufika, wengine husema ni la mtumwa aliyeuacha moyo wake bara. Mmoja wa walioletwa hapa utumwani wakiwa watoto, kutoka upande wa Kongo, alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alisoma, akafundisha, akawa shekhe mkubwa wa tarika ya Qadiriyya aliyefuatwa na watu wa pwani na bara, mpaka alipofariki mwaka 1931. Miguu iliyoletwa kwa nguvu ikasimama mbele ya safu za waumini. Mbele ya miguu kama hiyo, kilomita zetu 60 zilikuwa matembezi ya jioni.

Kwa familia zitakazosoma makala haya tunaomba mambo matatu. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, apelekwe hospitali katika wiki zake za mwanzo, wala aliyechelewa asikate tamaa. Akishapona, viatu vya usiku visiachwe hata kama mguu unaonekana umenyooka, maana wengi hurudi nyuma hapo. Na sisi majirani tusiulize mama alikanyaga nini. Tumuulize kama ana nauli ya wiki ijayo.

Mtoto wa Mapinga amekwisha fungwa plasta ya nne. Dada yetu humsubiri mama yake kituoni kila Jumatano, na safari ya juzi baba alikuja pia, mtoto akiwa mikononi mwake. Mwenyezi Mungu amkamilishie afya, awalipe wote waliotoa kwa siri na kwa dhahiri, na azitakabali hatua zetu. Amin.