Miraba Iliyojaa Pomoni

Kabla mashine hazijachukua kazi hiyo, damu ilihesabiwa kwa jicho. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliifanya kazi ya maabara Haydom, wilayani Mbulu, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Wagonjwa walifika hata kutoka Katesh, kwa barabara ya Basotu inayopita kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Tone la damu lilitolewa kisiginoni mwa kichanga, likatiwa dawa ya kupasua chembe nyekundu, likawekwa kwenye kioo chenye miraba. Chembe nyeupe zilizosalia zikahesabiwa, mraba baada ya mraba.

Siku moja miraba ilijaa pomoni.

Mtoto alikuwa na wiki tatu. Hakuwa na ule mlio wa kifaduro. Wachanga wengi hawautoi. Alikuwa anakata pumzi, midomo inageuka rangi, kisha anavuta tena. Hesabu ilitoa chembe 48,000 kwa maikrolita, ilhali kichanga wa umri ule kwa kawaida hazidi 20,000. Wodini wakahofia saratani ya damu. Mwandishi akapaka damu kwenye slaidi, akaitia rangi, akainama kwenye hadubini: limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, ndogo, zilizokomaa, baadhi zikiwa na kiini chenye mkunjo. Akaandika kifaduro, akaipeleka karatasi mwenyewe.

Bakteria wa kifaduro, aliyeoteshwa maabara na Jules Bordet na Octave Gengou mwaka 1906, hutoa sumu inayozizuia limfosaiti kutoka kwenye damu kwenda kwenye tezi za limfu. Zinarundikana kama abiria stendi isiyo na basi. Zikizidi mno huziba mishipa midogo ya mapafu, moyo ukaelemewa, na oksijeni peke yake haifui dafu. Wingi ule haukuwa nguvu ya mwili hata kidogo. Ndiyo maana mwandishi alisisitiza kipimo kirudiwe: kasi ya kupanda humwonya daktari kuliko namba moja. Dawa huua bakteria, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kumwagwa.

Mtoto yule alipona. Nyumbani kulikuwa na kaka yake, akikohoa usiku kwa majuma.

Tanzania, chanjo ya kwanza ya kifaduro hutolewa mtoto akifikisha wiki 6, na sindano ya pepopunda ya wajawazito haikingi kifaduro. Uingereza imekuwa ikiwachanja wajawazito dhidi yake tangu 2012, na mtoto huzaliwa na kinga ya mama. Mwandishi anaitaka sindano hiyo ya kifaduro kwa wajawazito katika miji kama Dongobesh na Katesh, na amelisema hilo katika kila kikao cha afya alichoalikwa.