Sajini na Nusu ya Kidonge

Sajini mmoja mstaafu wa polisi, mzaliwa wa chini ya milima ya Rwenzori, alikuwa mtu wa kuhesabu. Miaka aliyowaongoza askari katika kwata ilimwachia mazoea hayo. Alihesabu magunia ya mahindi, alihesabu ngazi, na tangu siku aliyopatwa na shtuko la moyo, alihesabu mapigo yake kila alfajiri, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na saa mbele yake. Sabini na mbili. Sabini. Hapo hutabasamu, akaomba chai.

Baadaye ukaja uchovu wa ajabu. Alisikia baridi wakati wenzake wakivua makoti, uso ukamvimba, ngozi ikakauka, naye akasinzia mchana. Mkewe alidhani ni uzee. Damu ilipopimwa, ilionekana kwamba tezi yake ya shingo imelegea na haitoi homoni ya kutosha. Ni tezi ile ile ambayo huko milimani kwao, kwa upungufu wa madini joto katika chakula, iliwavimbisha wazee wengi shingo wakawa na rovu. Daktari akampa vidonge 21 vya levothairoksini, kila kimoja mikrogramu 50, ameze nusu tu kila siku kwa siku 42, kisha apimwe tena.

Sajini aliona amedharauliwa. Dada yake, mwenye maradhi hayo hayo, alianza na mikrogramu 100 siku ya kwanza wala hakudhurika. Baada ya majuma mawili ya nusu nusu, akaanza kumeza viwili kwa siku pasipo kumwambia mtu.

Dada, hata hivyo, alikuwa na moyo mzima. Homoni hii huuhimiza moyo kwenda mbio na kutaka hewa safi zaidi, tena huufanya uwe mwepesi kuitikia adrenalini. Moyo ambao mishipa yake imekwisha kuwa myembamba hauwezi kupata damu ya kutosheleza haja hiyo, na vyumba vyake vya juu vyaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Nchini Marekani, katika utafiti ulioanza mwaka 1966 kwa wanaume waliokwisha kupata shtuko la moyo, baadhi yao walipewa dekstrothairoksini, ndugu wa homoni hiyo, ili kupunguza kolesteroli. Kolesteroli ilipungua kweli. Lakini waliokufa walikuwa wengi kuliko katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Wa kwanza kuondolewa dawa walikuwa wale ambao mapigo yao yalirukaruka tangu mwanzo, kisha wote, na taarifa ikatolewa mwaka 1972.

Siku ya 21 mkewe aliikuta pakiti tupu.

"Baba, hapa vilipaswa kubaki kumi na nusu."

"Nilitaka kupona upesi, Mama."

Usiku huo huo sajini aliamka akitweta. Alishika kifundo cha mkono akahesabu, akakosea, akaanza upya. Mapigo hayakuwa na mpango: matatu ya haraka, kimya, mawili, mengi yasiyohesabika. Kwa mara ya kwanza alimpa mkewe saa.

Hospitalini walimweleza kwamba damu inayotuama katika vyumba vinavyotetemeka huweza kuganda, na bonge likipanda kichwani huleta kiharusi. Akapewa dawa ya kutuliza mwendo wa moyo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Alitumaini kwamba, kwa kuwa vidonge vimekwisha, kesho yake atakuwa mzima. Haikuwa hivyo. Nusu ya dawa ile huchukua karibu juma zima kutoka mwilini, kwa hiyo alilala wodini siku nyingi akiusikiliza moyo usiotii amri.

Alirudi nyumbani na nusu ile ile ya kidonge. Pakiti sasa hukaa kabatini kwa mkewe, ambaye hukata kidonge kwa wembe kila asubuhi. Sajini huhesabu mapigo yake kwa sauti. Sitini na minane. Kisha mkewe huushika mkono ule ule, akahesabu tena.