Mawingu ya Wapi?

Katika kamusi zetu neno "korongo" lina maana mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni ndege mrefu wa miguu myembamba. Ya pili ni ufa mkubwa wa ardhi uliochimbwa na maji. Maana hii ya pili imesafiri mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Wataalamu wa mambo ya kale waliofanya kazi Olduvai, nchini Tanzania, walilitumia neno hilo katika kuyapa majina maeneo yao ya uchimbaji. Pale Mary Leakey alipogundua fuvu mashuhuri mwaka 1959 panajulikana duniani kote kwa herufi FLK, yaani Frida Leakey Korongo. Kwa hiyo, marafiki zetu walipotualika kwenda kushuka kwa kamba katika nyufa za jangwa la Utah, huko Marekani, hatukuhangaika kutafuta jina la mahali tulipokwenda. Jina tulikuwa nalo tangu zamani. Maarifa ya mahali penyewe ndiyo tuliyokuwa hatuna, na hayo ndiyo tunayopenda kuwasimulia wasomaji.

Ilikuwa Septemba 2018. Tulikuwa watu 5: walimu 2 wa Kiswahili kutoka Uganda, tuliokuwa tukifundisha ugenini kwa muda, na Wamarekani 3 waliokuwa wamepita mikononi mwetu darasani. Mmoja wao alikuwa mtu mzima aliyezoea makorongo hayo kwa miaka mingi. Darasani yeye alituita "Mwalimu". Huko jangwani tulimwita "Fundi", naye akalipenda jina hilo.

Mahali penyewe ni Zion, eneo lililofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1919. Kuta zake ni za mawe ya mchanga, mekundu kwa kutu ya chuma na meupe kuelekea juu. Yapata miaka milioni 180 iliyopita mawe hayo yalikuwa vilima vya mchanga vilivyosukumwa na upepo katika jangwa kubwa. Mchanga ukalundikana, ukagandamana, ukawa mwamba ambao unene wake hufikia mita 600. Hata leo mtazamaji huiona mistari ya mshazari katika kuta, nayo ni alama ya upepo ule wa kale. Mwamba huo ni laini. Maji ya mafuriko yanapopita yamebeba mchanga na mawe, huukwangua kama msasa, na kwa kuwa mvua ni chache lakini hunyesha kwa kishindo, ufa huchimbika kwenda chini upesi kuliko unavyopanuka. Ndiyo maana pana makorongo yenye kina cha makumi ya mita ambamo mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili, na akitazama juu huona utepe tu wa anga.

Siku ya kwanza tulishuka Pine Creek, korongo linaloanzia karibu na mdomo wa mashariki wa handaki la barabara lililofunguliwa mwaka 1930. Kila mmoja wetu alivaa kofia ngumu, mshipi wa kamba uliozunguka kiuno na mapaja, na vazi zito la mpira, kwa sababu ndani ya nyufa hizo mna madimbwi yasiyopata jua na maji yake ni baridi ya kutetemesha meno. Mahali pa kufungia kamba Fundi alipaita "nanga". Tulifurahi kusikia neno la mabaharia likitumika mahali palipo mbali na bahari namna ile, na kweli lilifaa, kwani kazi ni ile ile. Kamba hupitishwa katika pete ya nanga, ncha zake zikateremshwa hadi chini. Mtu huifunga kamba katika chuma kilichoshikamana na mshipi wake, akaegemea nyuma, akashuka akiiachia kidogo kidogo kwa mkono wa kuume. Aliyetangulia hushika mkia wa kamba. Mwenzake akiteleza, yeye huuvuta mkia kwa nguvu. Kile chuma hubana, na yule aliye juu hutulia hewani. Hivyo uhai wa anayeshuka umo katika viganja vya aliyekwisha kushuka.

Mteremko wa mwisho wa Pine Creek una urefu wa mita 30 hivi. Mtu huanza kwa kukanyaga ukuta, kisha ukuta humwacha, naye hubaki akining'inia katika uwazi wa mwamba mfano wa buibui katika uzi wake. Hatuoni haya kusema kwamba hapo mioyo ilitudunda, na ya mwalimu mwenzetu pia, ijapokuwa alituonya asubuhi kwamba yeye alizaliwa chini ya Milima ya Rwenzori na hatishwi na kilele chochote.

Lipo jambo moja la lugha ambalo walimu watalipenda. Tulikuwa tumeazimia kutumia Kiswahili kwenye kamba, ili wanafunzi wetu wa zamani wafanye mazoezi. Lakini mwangwi wa korongo huyameza maneno, na hapo tuligundua hatari katika sarufi yetu wenyewe. Katika Kiswahili ukanushi wa amri hukaa mwanzoni mwa kitenzi. "Shuka" na "usishuke" hutengwa na silabi mbili za mbele na irabu moja ya nyuma. Zile silabi za mbele zikipotea katika mwangwi, anayeambiwa "usishuke" aweza kusikia "shuke", naye akashuka! Kwa hiyo, kabla ya kufunga kamba ya kwanza, tulikubaliana kuwa amri za kukanusha zisitumike hata kidogo. Tulichagua maneno matatu yasiyofanana kwa sauti: "Ngoja!", "Tayari!" na "Huru!". Hili la mwisho lilikuwa la yule aliyefika chini akajifungua, ili aliye juu ajue kamba haina mtu. Pale ambapo hata hayo hayakusikika tulitumia filimbi. Mmoja wa Wamarekani alisema kwamba siku zote aliijua "uhuru" kama neno la siasa na bendera, wala hakuwahi kufikiri kwamba aweza kulipiga kelele akiwa na maji kifuani na chuma cha kamba mkononi.

Baada ya wote kushuka, ncha moja ya kamba huvutwa nayo yote huanguka chini. Tendo hilo ni dogo kwa macho, lakini ndilo kubwa kuliko yote. Nyuma pana ukuta usiopandika, mbele pana miteremko iliyobaki, na njia ni moja. Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; tunaamini hawakupata kuona mfano ulio kamili kuliko kamba inayoanguka.

Siku ya tatu tulifika kwenye ukingo wa korongo jingine, jembamba zaidi, upande wa mashariki wa hifadhi. Kibali tulikuwa nacho. Utabiri uliobandikwa ofisini ulisema kwamba mafuriko ya ghafla yawezekana, na uamuzi waachiwa wageni wenyewe. Jua liliwaka. Anga juu ya vichwa vyetu lilikuwa samawati tupu. Tulikwisha kuvaa mishipi na kamba ilikwisha kupitishwa katika pete, ndipo Fundi alipotuomba tungoje kidogo. Alipanda juu ya jabali, akatazama, si juu, bali kaskazini, kwenye nyanda za mawe zinazokusanya maji ya korongo lile. Huko mbali palikuwa na wingu moja, jeusi chini na jeupe juu kama koliflawa.

"Fundi," alisema mwalimu mwenzetu, "mbingu hizi ni safi."

"Nimeziona, Mwalimu. Lakini maji ya humu hayatoki katika mbingu hizi."

Mwenzetu hakupendezwa. Juma lililofuata alikuwa arudi Uganda, na nauli ya safari ile aliidunduliza mwaka mzima. Alisema, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba wingu lile liko mbali sana, kwamba korongo lingetuchukua saa tatu tu, na kwamba sisi wengine tungeweza kurudi mwaka mwingine lakini yeye asingeweza. Hakuna neno hata moja katika hayo lililokuwa la uongo. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba katika kazi hii, watu wakiwa watano, mmoja akikataa wote wamekataa, naye anakataa. Akaivuta kamba, akaikunja. Tulirudi garini tukiwa kimya.

Maji hayakuja. Tulikaa mahali pa salama karibu na mdomo wa korongo hadi jioni, tukautazama mchanga mkavu ukibaki mkavu. Lile wingu lilimwaga mvua yake kwingine, au halikumwaga kabisa. Mwenzetu hakusema "niliwaambia", na kwa hilo tunamheshimu hadi leo. Lakini chai ya usiku ule aliinywa akiwa ametupa mgongo.

Na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi. Ni rahisi kuusifu uangalifu pale mafuriko yanapokuja na kumthibitisha mwangalifu. Yasipokuja, mwangalifu huonekana mwoga aliyewanyima wenziwe furaha. Lakini uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa, si kwa yale yaliyotokea baadaye. Tarehe 12 Agosti 1997, huko Arizona, katika Lower Antelope Canyon, kwenye ardhi ya Wanavajo, watalii 11 walikufa kwa maji ya dhoruba iliyonyesha mbali juu ya bonde, huku pale walipokuwa mvua ikiwa kidogo tu. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 waliingia pamoja katika Keyhole Canyon, ndani ya Zion hiyo hiyo, na hakuna aliyetoka hai. Hatuyasemi haya ili kuwalaumu marehemu. Twasema tu kwamba siku nyingi wingu la mbali halileti kitu, na kwamba siku linapoleta, aliyekwisha kuvuta kamba hana pa kurudi.

Sote tumewahi kuwafundisha watoto methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Huandikwa ubaoni, maana yake ikaelezwa, na mtihani ukaiuliza. Tulipokuwa pale ukingoni tulitambua kwamba methali haikukosea hata chembe. Mawingu yalikuwapo, nayo yalikuwa dalili. Wenye kuisoma ndio waliozoea kuinua macho juu ya paa lao wenyewe. Wala hatukuwa na haja ya kusafiri hadi Utah ili tulijue hilo. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika Kasese, ukashuka na mawe makubwa kutoka Rwenzori, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Mvua iliyofanya hayo ilikuwa mvua ya mlimani. Mwalimu mwenzetu, mwana wa milima ile, ndiye aliyetukumbusha habari hiyo, siku mbili baada ya lile korongo, bila kuulizwa na mtu. Kisha akamwambia Fundi kwamba akija Uganda atampeleka kuuona mto huo, na wataanzia juu.

Tangu hapo, tunapoifikia methali hiyo darasani, hatuwaachii wanafunzi baada ya kutoa maana yake. Huwauliza swali moja zaidi: mawingu ya wapi? Walio wengi hunyamaza kwanza, kisha huanza kutaja milima na mito ya kwao, nani anakaa juu na nani anakaa chini, na somo hupita saa yake. Tunawashauri walimu wenzetu walijaribu swali hilo, kila mmoja kwa milima na mito ya kwake.