Keki Ililiwa na Nani?

Wasee, Marekani ya miaka ya 1890, wimbo ukivuma hukuudownload. Ulinunua noti zake zilizochapishwa, mtu akazipiga kwenye piano nyumbani. Jalada ndilo lilikuvuta: mchoro mkubwa wa rangi, kama ile picha ya mbele ya video ambayo hunimalizia saa nzima.

Dansi iliyobamba ilikuwa cakewalk. Ilianzia mashambani, watumwa Weusi wakiigiza maringo ya mabwana zao: kifua mbele, hatua za kujidai. Mshindi alipewa keki. Mabwana wengine walifurahia tu, hawakushtuka kwamba ni wao wanachekwa. Hapo ndipo huwa nawapenda sana hao watu.

Kisha ikawa biashara. Mwaka 1897 Kerry Mills, mzungu, alitoa At a Georgia Camp Meeting, ikauza vibaya sana. Na majalada ya cakewalk? Mengi yaliwachora Weusi kama vikatuni, midomo mikubwa, macho yametoka. Yaani step ni zako, halafu unauzwa kama kichekesho!

Juzi niliona step za boy wa mtaa wetu kwenye tangazo. Jina lake, hakuna.

Sawa, Bert Williams na George Walker, Weusi wenyewe, walijijengea jina na cakewalk jukwaani. Lakini hata Williams alipanda akiwa amejipaka uso rangi nyeusi.