Kazeni Kamba

Mpenzi msomaji, mwezi huu naanza kwa kukiri: mwaka jana nusura niharibu ndoa yangu. Sikufanya kitu. Ila nilikaribia mno.

Mume wangu alikuwa Mwanza kikazi, mimi nimebaki Dar. Kuna kaka nilikutana naye kwenye semina, na meseji zikaanza: "Umelala?" Mtu mzima anajua swali hilo halihusu usingizi. Nikajipa moyo, aah, ni stori tu, mimi nina akili zangu.

Ndipo nikaikumbuka Odyssey, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, niliousoma chuoni ili nifaulu mtihani tu. Odysseus anarudi nyumbani kutoka vita vya Troy. Njiani wapo Sirens, viumbe wa kike ambao ukiwasogelea kwa kuvutwa na sauti zao, mkeo na wanao hawakuoni tena. Cha ajabu, hawamwimbii mapenzi. Wanamsifia, kisha wanamwambia wanayajua yote yaliyowapata watu kule Troy. Kwa kifupi: sisi tunakuelewa. Na meseji yangu ya saa tano usiku ilisemaje? "Naona unavyochoka. Mumeo anaona kweli?"

Odysseus hakujitia ushujaa. Aliwaziba wenzake masikio kwa nta, mwenyewe akafungwa kwenye mlingoti, na agizo alishatoa: nikitaka mnifungue, kazeni kamba. Sauti zilipomfikia, alitaka kweli kufunguliwa. Hakuokolewa na moyo mgumu. Aliokolewa na mpango alioupanga mapema, akili ikiwa bado imetulia.

Lakini tusimpambe sana. Bwana huyu alikaa kwa Circe mwaka mzima, akila na kunywa, mpaka wenzake ndio wakamkumbusha kwao. Mkewe Penelope alizungukwa na wachumba 108, akawazungusha miaka mitatu kwa kufuma sanda ya mkwewe mchana na kuifumua usiku. Akina kaka, hesabu fanyeni wenyewe.

Basi usiku ule nilimpigia shosti wangu, nikamweleza yote, pamoja na mwaliko wa chakula cha jioni Ijumaa. "Nikikuambia ni kikao cha kazi, usinikubalie." Ijumaa ilipofika nikampigia: "Shosti, leo nina kikao cha kazi." Akacheka, akaja, akaegesha gari lake nyuma ya langu. Nilimkasirikia kweli! Tukaishia kula chipsi mayai kwangu, nalia, naye ananipa tishu.

Mume wangu alipokuja likizo nilimwambia. Alinyamaza siku mbili, na zilikuwa ndefu. Ya tatu akauliza, "Kwa nini hukuniambia kuwa umechoka?" Hapo ndipo tulipoanza kuongea kama zamani.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usinihesabie ushindi. Mimi nilikuwa na rafiki mwenye gari tu. Wewe je, ukianza kubembeleza ufunguliwe, nani atakukazia kamba? Mpigie leo, wimbo haujaanza.