USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Wahenga hawakukosea waliponena hivyo. Hapa kwetu Kitengela, paka wetu Chausiku amezaa mara tatu mwaka huu, na mama ameapa kwamba watoto wake wajao watatupwa jaani. Niliuliza kwenye duka la dawa za mifugo, wakaangua kicheko: "Kijana, Kajiado hii tunahasi ng'ombe na mbuzi, si paka!" Daktari mmoja alikubali kumfunga kizazi, lakini kwa bei ya mbuzi mzima. Nikashauriwa nijaribu KSPCA, kule Karen, Nairobi. Paka hushika mimba hata akiwa ananyonyesha, naye huibeba siku 63 hivi tu. Kwa hiyo siku hizi sili chamcha. Naweka pesa za nauli. Wenzangu wenye paka, njooni tuwapeleke pamoja!