Memori Haikuwa Imejaa

Julai 2024 nilimrudisha mpwa wangu kwao Liuli kwa kosa lisilokuwa lake. Kosa lilikuwa langu. Nililinunua mwenyewe kwa shilingi 40,000, nikalipachika kwa mikono yangu ndani ya kompyuta ya nyumbani, kisha nikakaa wiki kumi nikitafuta mchawi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mbinga mjini. Kompyuta yetu ni ya mezani, ya mtumba, inakaa kona ya sebule, na kazi yake kubwa ni kuchapa mitihani. Mwezi Mei mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, akapanda kutoka kwao Liuli, ziwani, kuja kwetu, mchana atusaidie kuchuma kahawa na usiku ajaze maombi ya chuo. Kompyuta ilikuwa nzito. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inaanza kukokota kama lori la makaa ya mawe ya Ngaka likipanda mlima. Mwanzoni mwa Juni nikaenda Songea kwa shughuli za shule, nikapita kwa muuza vifaa vya mtumba, akaniuzia kipande cha ramu cha gigabaiti 4. Pesa niliyolipa ilikuwa ya dawa ya mibuni. Mke wangu alinipa mwenyewe, imekunjwa ndani ya karatasi yenye jina la dawa, maana ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umetutia hasara msimu uliopita. Niliporudi nikamwambia dawa imepanda bei, nimepata nusu tu, na hiyo ramu kanipa rafiki.

Nataja uongo huu mapema kwa sababu ndio ulioendesha mambo yote yaliyofuata. Kitu ulichokipata kwa uongo hupendi kukitilia shaka.

Siku mbili kompyuta ilipaa. Usiku wa tatu, nikiwa ukurasa wa pili wa mtihani wa kidato cha tatu, kioo kikageuka bluu. Wenye mibuni wanaijua bluu ile, ni ya mrututu ukikorogwa ndooni. Juu kushoto kulikuwa na kile kiuso cha nuktambili na mabano, kimenuna. Chini yake maneno ya kuomba radhi, asilimia zinazopanda moja moja, kamraba ka kupiga picha kwa simu, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo: MEMORY_MANAGEMENT. Kisha ikazima, ikajiwasha, na mtihani wangu haukuwepo.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasema, "Mjomba, imeandika memori."

Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu kwamba neno la mkopo likivuka mpaka hubadilika maana. Naandika ubaoni, natoa mifano, nasahihisha madaftari. Lakini aliposema memori nilisikia kitu kilekile anachosikia kila mtu kuanzia Mbinga hadi Mbamba Bay: kile kikadi cheusi cha simu, ukubwa wa ukucha, ambacho kikijaa picha na nyimbo simu inakataa. Memori imejaa. Hatuna memori nyingine. Nikafungua diski, nikakuta mstari mwekundu, na folda moja nene ya tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa, gigabaiti 60 na zaidi. Nikageuka kumtazama.

"Umejaza memori."

Alifungua mdomo, akaufunga, akaweka chai mezani. Nikafuta zile tamthilia mbele yake.

Kompyuta ikaendelea kuanguka, mara mbili kwa wiki, baadaye kila siku. Nilijaribu kila dawa isipokuwa ile ya kusoma kilichoandikwa. Kwanza nikasingizia umeme. Zamani za majenereta ya dizeli mtu angenielewa, lakini tangu njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ifike Songea mwaka 2018 umeme wetu ni wa gridi, na taa za sebuleni hazikuwa zikipepesa hata kidogo wakati kompyuta inaanguka. Hata hivyo nikanunua stebilaiza. Nikaweka antivirusi mbili, zikaanza kugombana zenyewe kwa zenyewe. Nikapiga Windows upya, na juma lililofuata nikaipiga tena.

Tarehe 19 Julai redio ikatangaza kwamba kompyuta za viwanja vya ndege, benki na hospitali duniani zimeingia bluu kwa sababu ya faili bovu la sasisho la kampuni ya CrowdStrike. Baadaye Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5. Sijawahi kufurahia balaa la watu kama siku ile. Nikatembea ofisi ya walimu nikisema mnaona, hata yangu ni hilo hilo. Programu yenyewe ni ya mashirika makubwa, haikuwa na lolote la kufanya na kompyuta ya mtumba yenye mitihani ya fasihi. Na yangu ilikuwa imeanza kuanguka wiki sita kabla. Hakuna aliyeniuliza hesabu hiyo, nami sikujiuliza.

Kabla ya kupiga Windows ile mara ya pili nilifanya jambo ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Baba yangu alifariki mwaka 2021. Miaka miwili kabla ya hapo nilimrekodi kwa video shambani, mara tatu, akieleza ngoro. Aliyewahi kupita vilima vya Umatengo ameziona, yale mashimo yaliyopangana mteremko mzima kama sega la nyuki. Baba alieleza tangu kufyeka: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati unachimbwa na kuzifunika, maharage yanapandwa juu ya matuta, na mvua ikija maji yanatulia shimoni badala ya kuteremka na shamba. Video ya pili ilikuwa ya saa nzima na ushei. Nilidhani nabana nafasi. Nikazikunja zote kwenye zipu moja, nikaihamishia kwenye flashi, nikafuta zile za asili, nikapiga Windows. Sikuifungua ile zipu kuhakikisha. Ilikuwa saa sita usiku na nilitaka kulala.

Siku chache baadaye kompyuta ikaanguka huku mpwa wangu akiwa katikati ya fomu ya chuo, kurasa nne zimekwenda. Badala ya kumpa pole nikamwambia kila anapokaa yeye inaanguka, na ilikuwa kweli. Nikasema bora arudi kwao, akamalizie kwa simu, mimi nina mitihani. Nilisema hivyo wageni wakiwepo. Asubuhi alichukua begi lake, akamuaga mke wangu kwa mikono miwili, mimi akaniambia "Asante mjomba" bila kunitazama.

Hapa ndipo maungamo yenyewe. Jioni ileile aliyoondoka, nyumba kimya, hakuna tamthilia wala fomu, niko peke yangu na ukurasa mmoja wa maswali ya ushairi, kioo kikageuka bluu. Nikajua. Sikujua kilichoharibika, ila nilijua kwamba si yeye. Nilitakiwa kuchukua simu hapo hapo. Nilikaa wiki tatu. Mke wangu akiuliza kompyuta inaendeleaje, nilijibu afadhali.

Mwisho nilibeba lile boksi kwenye bodaboda hadi kwa binti mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, ambaye niliwahi kumfundisha kidato cha pili. Aliwasha, akaingia kwenye folda ya Windows inayoitwa Minidump, ambako kila anguko huacha faili lake dogo. Yalikuwa mengi, yamepangana kwa tarehe. Akayasoma kwa programu fulani, moja baada ya jingine, midomo ikichezacheza: 1A, 50, 0A, halafu 1A tena.

"Mwalimu, ingekuwa programu moja ndiyo mbovu, mara nyingi ingelalamika kwa namna ileile. Hii kila siku ina lalamiko jipya." Akashusha miwani. "Kabla haijaanza uliongeza nini?"

Nilitazama nje. Kulikuwa na kosta ya Songea inapakia.

Nikamwambia. Hakucheka. Akafungua ubavu wa boksi, akachomoa ramu zote mbili, akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, akairudisha ya zamani peke yake, akaanzisha kipimo kinachoandika na kusoma kila kijichumba cha ramu. Kupita kote, kosa sifuri. Akatoa hiyo, akaweka ya Songea. Dakika ya tisa mstari mwekundu ukatokea chini ya kioo, ukafuatwa na mwingine, mpaka mistari ikajaza nusu ya kioo kama madoa ya kutu kwenye jani la mbuni.

Nilimwomba anieleze, akanieleza, na nilipoelewa nilielewa kwa ngoro. Ramu haihifadhi sinema wala mitihani. Ni shamba la msimu mmoja. Humo kompyuta inaweka kile inachokifanya sasa hivi tu, na umeme ukikatika shamba lote linafutika. Ile yangu ya gigabaiti 4 ina vishimo zaidi ya bilioni 34, kila kimoja kinashika chaji kidogo au hakishiki, ndiyo au hapana. Chaji inavuja, kwa hiyo vyote hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Kishimo chenye tuta bovu hakiwahi kujazwa. Unaweka ndiyo, unarudi unakuta hapana. Ikiwa pale palikuwa na rangi ya nukta moja ya picha, huoni kitu. Ikiwa palikuwa na agizo la mtambo wenyewe, Windows hujisimamisha yenyewe kwa kioo cha bluu isije ikaandika upuuzi kwenye diski.

Basi mpwa wangu alipokaa, kompyuta iliangukaje? Alifungua ukurasa wa chuo, barua pepe, fomu na cheti kwa pamoja. Shamba likalimwa hadi ukingoni, kwenye vishimo vibovu. Mimi na ukurasa wangu mmoja tulikuwa tukilima sehemu nzima, siku nyingi.

Na kila nilichokinakili kwa wiki kumi kilipita kwenye vishimo hivyo. Windows niliyokuwa nikiipiga iliwekwa ikiwa tayari na vidonda. Binti alinyamaza kidogo, akauliza kama nilihamisha kitu cha maana. Nikatoa flashi mfukoni.

Zipu ilikataa. Ikasema faili limeharibika. Akajaribu programu ya kuokoa, likatoka moja kati ya matatu, fupi kuliko yote, dakika mbili na sekunde kadhaa. Baba yuko kando ya shamba, jembe begani, anauliza kama nimeshaanza kurekodi, mimi nasema bado mzee. Nikauliza kama zile za asili zinaweza kufukuliwa kwenye diski. Akasema baada ya kupiga Windows juu yake, hapana. Alinitoza pesa ya kipimo tu.

Jumamosi niliteremka ziwani. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita sitini na ushei, kona baada ya kona, na ukitoka kwenye baridi yetu ya Agosti unavua sweta kabla hujaliona ziwa. Kutoka hapo nikachukua bodaboda ya vumbi kwenda Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake linalofanana na sfinksi. Agosti 1914 Mwingereza Rhoades alikuja na meli yake, akaipiga mizinga meli ya Mjerumani Berndt, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Wawili hao walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga kasia hadi kwenye meli ya mwenzake, akifoka, akitaka kujua kama amelewa. Habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Kisa hiki nimekisimulia darasani mara nyingi kama kichekesho. Siku ile nikiwa nyuma ya bodaboda hakikunichekesha.

Nilimkuta mpwa wangu akigeuza dagaa kwenye chanja na mama yake. Dada alinipokea kama hajui lolote, nami nikajua anajua yote. Nilimwomba radhi kijana mbele ya mama yake, nikamwonyesha ile ramu, nikamweleza ya babu yake pia. Aliigeuza mkononi. Chuo alikuwa ameomba kwa simu ya jirani.

"Siku ile ya kwanza nilitaka kukwambia ni memori ya ndani, Mjomba. Tuliisoma shuleni."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshafungua zile tamthilia." Akarudi kugeuza dagaa. "Halafu hazikuwa zangu. Zilikuwa za anti. Alikuwa anaangalia ukienda shule. Aliniambia nisikwambie."

Dada alicheka mpaka akaketi. Alinifungia mbasa wawili kwenye majani, wakubwa, akakataa pesa.

Nilifika Mbinga giza likiingia. Mke wangu aliwapokea samaki, akawapima uzito kwa mkono, akauliza nimewanunua bei gani.

"Shilingi elfu arobaini," nikasema.

"Mbasa wawili?"

"Ramu."